Mkuyu Ulioachwa Peke Yake



Ukitoka Sumbawanga kwa njia ya Ntendo kuelekea Muze, kabla hujaanza kuteremka Lyamba lya Mfipa, tupa jicho mabondeni. Huku juu uwandani kwetu Ufipa ni nyasi na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Miti mikubwa ya asili utaikuta zaidi kule maji yanakopita. Ukiona wenye shina nene lenye rangi ya manjano-manjano, matawi yametanda, na matunda yameng'ang'ania kwenye shina lenyewe, huo ni mkuyu.

Majuzi nilisimama kwenye chemchemi niliyokuwa nikichota maji utotoni. Wakati ule palikuwa na mikuyu mitano. Bibi yangu hakuturuhusu kuokota hata ukuni mmoja chini yake. Alisema hapo pana wenyewe, na sisi hatukuuliza ni akina nani. Leo umebaki mmoja. Kando yake pana tanuri la matofali. Kijana anayefyatua matofali pale akanieleza kwa heshima: "Mzee, huu tumeuacha makusudi, kwa ajili ya kivuli na maji." Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa dhati, maana wangeweza kuumaliza wote. Lakini tangu siku hiyo sijatulia. Ndiyo sababu nazungumza nanyi jioni hii.

Pasua kuyu ulitazame. Hutaona nyama kama ya embe. Utaona mamia ya vijiua vidogo vimejifungia ndani, vikitazamana. Mkuyu hautoi ua nje hata siku moja. Maua yake yote yamo humo, na mlango ni kitobo kimoja tu kwenye ncha. Nyuki hapiti hapo. Anayepita ni nyigu mmoja mdogo, karibu sawa na punje ya ulezi. Jike hujipenyeza mpaka mbawa zinakatika, akiwa amebeba chavua ya mkuyu alikozaliwa. Huyachavusha baadhi ya maua, hutaga mayai katika mengine, kisha hufia humo humo. Wiki kadhaa baadaye watoto wanatoka. Madume hayana mbawa: yanapandana na majike, yanatoboa njia ya kutokea, na kazi yao duniani imekwisha. Majike hujaza chavua kwenye vifuko vilivyo kifuani mwao, kisha hutoka nje kutafuta mkuyu mwingine.

Naomba mlishike hilo neno "mwingine". Jike huyo ana siku moja au mbili tu za kuishi. Mara nyingi makuyu ya mti mmoja huenda pamoja, kwa hiyo wakati anapotoka, kwao hakuna tena kuyu changa la kuingia. Ni lazima aukute mkuyu wa jirani ulio katika hatua inayomfaa. Asipoupata, amekufa na chavua yake. Mti ulioachwa peke yake utasimama miaka mingi na kivuli chake kizuri, huku makuyu yakipukutika mabichi, bila mbegu.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani sana. Kila aliyekaa kwenye mafundisho ya katekista hapa Ufipa anamjua Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu kule Yeriko. Mkuyu ule ni wa aina hii hii yetu. Wamisri wa kale waliuthamini mno, hata mbao zake wakatengenezea majeneza ya wakubwa wao. Lakini kule Misri na Palestina mti ulifika, nyigu anayeuchavusha hakufika. Kwa maelfu ya miaka wakulima wa huko waliupanda kwa vipande vya matawi, na ili makuyu yaive iliwabidi wayachanje kwa kisu moja baada ya jingine. Nabii Amosi alijitaja kuwa mtunza mikuyu, na wengi hudhani kazi yake ilikuwa hiyo ya kuchanja. Sisi tuna nyigu. Tuna mti kamili, ulio nyumbani kwao, usiohitaji kisu cha mtu.

Sitawatisha kupita kiasi. Wataalamu waliofuatilia mikuyu ya jangwani Namibia, kandokando ya mto Ugab, waligundua kwamba upepo huweza kumbeba nyigu huyu zaidi ya kilomita 100. Mdudu wa siku moja! Nilipolisoma hilo nilifurahi kama mtoto. Lakini anayesafiri hivyo ni wa bahati, na mwisho wa safari lazima akute mti. Tukikata bonde hili, na wenzetu wakakata bonde la pili, upepo utampeleka wapi?

Na mkuyu una ukoo mkubwa. Mtini wa kwenye Biblia ni ndugu yake wa karibu. Mvule unaotoa mbao za milango na mitumbwi ni wa jamaa hiyo. Mfenesi na mshelisheli wa pwani ni wa jamaa hiyo. Na ule mforosadi unaowatia watoto rangi ya zambarau mdomoni, nao ni wa humo humo. Karibu wote ukiwakata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ule wa mkuyu tulikuwa tukiutegea ndege, ndiyo ulimbo. Wapo ndugu wa mkuyu ambao huanza maisha juu ya mti mwingine. Ndege hudondosha mbegu kwenye panda ya tawi, mizizi ikashuka taratibu mpaka ardhini. Kule Buganda wapo wanaomenya gome la mutuba, nao ni wa kundi la mkuyu, wakaligonga hadi likawa nguo, kisha wakalivika shina majani ya mgomba ili lipone na kutoa gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote.

Lakini anayenijia zaidi akilini ni Profesa Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Ameandika kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo, ndugu mwingine wa mkuyu, uliokuwa karibu na kijito cha kwao Ihithe, Nyeri, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye mti ulikuwa umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka. Alikuja kuelewa kwamba mizizi ile ilipasua mwamba na kuyafungulia maji njia. Bibi yangu wa Ufipa na mama yake wa Nyeri hawakuonana kamwe.

Jina la mji wetu wengi hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Tumetupa hofu nyingi, na sawa. Ila hofu ile ndiyo iliyokuwa mlinzi wa mikuyu, na tulipoiondoa hatukuweka mlinzi mwingine. Sheria ipo: ile ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Tanuri nililoliona halikufika hata hatua 30 kutoka kwenye chemchemi.

Kijana yule si adui yangu. Nilirudi kwake tukazungumza. Tumekubaliana tanuri lihame kabla ya mvua za Novemba. Mkuyu huota kwa tawi, unene wa mkono na urefu wa mtu, ukichomekwa penye unyevu. Matawi tutayakata kutoka miti tofauti ya mabonde tofauti, ili chavua isiwe ya mti ule ule mmoja. Tunahitaji manne ya kuanzia, kwenye visiki vile vile vya zamani. Kama una mkuyu kwenye bonde lako, huko Laela, Matai au Namanyere, tafadhali ulete ujumbe hapa redioni. Tutakuja na panga, na tutaomba tawi moja tu.