Mashine ya Nje na Ikae Nje



Jua linapokuchwa nyuma ya vilima, na umeme utokao maporomoko ya Kiymbi kule Bendera ukawa haukufika, au umefika ukiwa hauna nguvu, hapo ndipo mji wetu wa Kalemie, ulio kandokando ya ziwa, huanza kunguruma: kinyozi avuta kamba, mwenye kuchaji simu avuta kamba, mwenye friza ya samaki naye avuta kamba asije akapata hasara, na mwenye nyumba aliyejaaliwa uwezo hataki wanawe wadurusu kwa kibatari. Jenereta, au gurupu kama wengi wetu tuiitavyo, imekuwa chanzo cha riziki, wala sikuja jioni hii kuilaumu. Neno langu ni moja: mashine hii imeundwa ikae nje, nasi, kwa sababu ambazo si za kipumbavu hata kidogo, tumejizoeza kuiingiza ndani.

Sababu zenyewe twazijua sote. Ya kwanza ni mwizi, maana mali iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi haiachwi uani usiku kucha. Na ya pili ni mvua, ambayo tangu Oktoba hata Aprili yaweza kumwagika wakati wowote. Basi mwenye mali, akiisha kuzipima hofu hizi mbili, huiweka ukumbini, au jikoni, au katika chumba cha nyuma cha duka lake, akafunga mlango kwa komeo, akaacha dirisha wazi kiasi cha shibiri, akadhani amefanya hadhari ya kutosha. Walakini amekimbia hasara ya mali, akaikaribisha hasara ya roho.

Moshi wa esansi umebeba ndani yake hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ukali wa kuwasha macho. Na hewa hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa yazunguka mwilini kama mtumbwi urudio pwani umejaa mawe badala ya samaki. Kichwa chauma, kizunguzungu chaja, kichefuchefu chafuata, na viungo vyalegea. Na ni nani katika Kalemie, akiona dalili hizo, asiyesema kwamba ni malaria, akameza vidonge, akarudi kulala katika chumba kile kile? Lakini malaria haina desturi ya kuwashika watu wote wa nyumba katika saa moja, wala haipungui kwa mtu kutoka barazani. Basi mkiona wawili watatu waumwa kichwa pamoja huku mashine yanguruma, tokeni nje nyote upesi, milango iachwe wazi, mashine izimwe, na aliyezimia apelekwe hospitali pasipo kungoja mapambazuko, na mganga aambiwe kwamba palikuwa na moshi wa jenereta.

Wako wasemao kwamba upepo wa ziwa huuchukua moshi wote. Lakini upepo huo hauelekei upande mmoja daima. Mchana, nchi kavu ikipata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku, nchi ikipoa mbele ya maji, hugeuka ukashuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Kwa hiyo moshi ulioondoka vyema saa kumi alasiri waweza, saa nne usiku, kurudishwa hata dirisha la watoto, bila ya mtu kuigusa mashine. Tegemeo basi liwe masafa: yasipungue mita 6 kutoka mlango na dirisha, la jirani likiwa mojawapo, na bomba la moshi lielekee upande usio na watu.

Na mwizi je, na mvua? Mafundi wetu wa kuchomelea, ambao kila siku hututengenezea milango na madirisha ya chuma, waweza kutuundia kizimba cha nondo chenye bati juu, pande zake zikiwa wazi, kilichofungwa kwa mnyororo na kufuli juu ya jukwaa la saruji. Na wale wa mitaa ya chini, walioona maji ya ziwa yakiwaingilia mwaka 2024, hawahitaji kuambiwa kwa nini jukwaa hilo linyanyuliwe.

Mengine nitayapita upesi. Esansi isitiwe mashine ikiwa yawaka au ingali na moto, kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukautafuta moto hata kwenye mbabula iliyo mbali. Oili ipimwe kabla ya kuvuta kamba, na ibadilishwe kwa wakati, ambao kwa mashine ndogo nyingi ni baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100. Na chujio la hewa lisafishwe, maana mashine ikikosa pumzi huzidisha sumu ile ile niliyoitaja. Wala mtu asiiunganishe na nyaya za nyumba pasipo swichi ya kugeuzia, kwani umeme utarudi njiani, umuue fundi wa SNEL, shirika la umeme, aliyepanda nguzo kwa yakini kwamba waya umekufa.

Aghalabu mkono uvutao kamba ni wa kijana wa kuajiriwa, na mwenye mali amelala kwingine. Kwa hiyo taksiri ikitokea, hesabu iwe ya mwenye mali. Nanyi wauzaji, kabla ya kumwonyesha mnunuzi kamba, muulizeni ataiweka wapi. Na yule asiye na hata pembe ya ua, namwambia kwa insafu: aiuze, anunue taa ya jua, mwangaza wake ni haba, lakini hauna moshi.

Hayo ndiyo maoni yetu ya jioni hii.