Kalenda ya Watu na Saa ya Farasi Jike

Kila inapofika tarehe 1 Januari, farasi wote wa mbio wa Uingereza, Ireland na Marekani huongezewa mwaka mmoja kwa pamoja. Hata mtoto aliyezaliwa jana yake, tarehe 31 Desemba, huhesabiwa kuwa ametimiza mwaka. Mwaka unaofuata ataitwa wa miaka miwili, ashindane na wenzake waliomtangulia kuzaliwa kwa karibu mwaka mzima. Hapo mbio zimeshakwisha kabla hazijaanza.

Ndiyo maana wenye farasi hutaka watoto wazaliwe Januari au Februari. Mimba ya farasi huchukua takriban miezi kumi na moja, kwa hiyo jike inampasa apandwe kuanzia katikati ya Februari. Lakini Februari, huko Newmarket au Kentucky, ni majira ya baridi na usiku ni mrefu. Wakati wa giza, tezi ndogo iliyomo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini. Usiku ukiwa mrefu, homoni hiyo huwa nyingi, na mayai ya uzazi hayapevuki. Farasi jike wengi wa huko huingia joto sawasawa kuanzia Aprili hadi Oktoba. Maumbile yana hekima yake: mtoto azaliwe majani yanapochipua, mama apate maziwa.

Binadamu hakukubali. Tangu mwanzoni mwa Desemba huwasha taa bandani, ili mwanga wa jua na wa taa ufikie saa 16 kwa siku. Baada ya miezi miwili hivi, mwili wa jike huamini kwamba majira yamegeuka.

Hata hivyo hesabu bado ni ngumu. Mwaka una siku 365. Mimba huchukua kama siku 340. Zinabaki siku 25 tu za kuzaa, kupona na kushika mimba nyingine. Joto la kwanza huja kati ya siku ya saba na ya kumi baada ya kuzaa. Likipita bure, mzunguko mwingine ni wa siku 21 hivi. Akikosa mara mbili, tarehe yake ya kuzaa inasogea mbele, na miaka michache baadaye hana budi kupumzishwa mwaka mzima.

Na hapo ndipo umri unapoingia. Jike huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki. Uwezo wake huanza kupungua akikaribia miaka 15, na akipita 20 hushuka sana. Mzee huchelewa kupevusha yai la kwanza la msimu, mfuko wake wa uzazi huwa na makovu, na mimba nyingi huharibika mapema. Wataalamu walipochukua viinitete vya majike wazee na kuvipandikiza kwa majike vijana, vingi bado vilikufa. Maana yake, tatizo halikuwa tumbo peke yake. Yai nalo lilikuwa limezeeka. Taa haiwezi kumrudishia ujana.

Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna shida hiyo ya giza. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na jike aliyeshiba aweza kuingia joto mwezi wowote. Lakini umri haujui Ikweta.

Msikilizaji, jike asiyeshika mimba huitwa tasa upesi, akapelekwa mnadani. Kabla ya kumhukumu, mwenye mali na ajiulize maswali mawili: nilimpandisha wakati gani, na ana miaka mingapi? Mara nyingi mnyama hana kosa lolote. Kosa ni la aliyeandika kalenda bila kumuuliza mwenye tumbo.