Nusu Siku Kabla ya Meli
Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu mgeni apitaye na nyumba ya Boma



Barabara itokayo Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro kuelekea Arusha hupita Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, na hakuna mkazi wa kata hizi asiyeyajua magari ya watalii yanayopishana humo asubuhi na jioni. Kinachosahaulika ni kwamba wageni wengi hawaishii mlimani wala mbugani. Wakishatoka Meru, Kilimanjaro au Serengeti, safari yao huteremka pwani. Wapo wanaoruka kwa ndege ndogo hadi Zanzibar, wapo wanaokwenda Dar es Salaam kuvuka kwa boti, na wapo wanaowahi meli kubwa za matembezi zitiazo nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Kati ya mlima na bahari hubaki saa nne au tano mjini Arusha: mizigo imefungwa, hoteli inataka chumba chake, na muda wa kuondoka haujafika.

Ndipo mgeni humwuliza aliye karibu naye, awe dereva, mhudumu wa hoteli au kijana wa bodaboda: je, hapa mjini kuna kitu cha kutazama? Jibu analopewa mara nyingi ni duka la vinyago au duka kubwa la bidhaa. Si jibu baya, maana wachongaji nao wana watoto wa kusomesha. Lakini ni jibu pungufu, kwa kuwa mwisho wa Barabara ya Boma, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, ipo nyumba yenye habari ambayo mgeni huyo amevuka bara zima bila kuisikia kikamilifu. Pengine mwelekezaji mwenyewe hajawahi kuingia humo.

Boma la Arusha lilikamilika mwaka 1900 likiwa ngome ya utawala wa Wajerumani. Waliobeba mawe yake walikuwa Waarusha na Wameru, na hawakuyabeba kwa hiari. Miaka minne kabla yake, mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akheri, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kwa kuchoma nyumba, kuswaga mifugo na kuua watu. Haishangazi, basi, mzee wa Akheri akisita kuipongeza nyumba ile. Kuta zake zimesimama juu ya jasho la babu zake. Lakini tangu mwaka 1987 nyumba hiyo imekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, na ndani yake husimuliwa habari ya kale kuliko Mjerumani, kuliko kabila lolote, na kuliko mlima wenyewe kwa umbo ulilo nalo leo.

Habari hiyo ni ya asili ya binadamu, na sehemu kubwa ya ushahidi wake umechimbwa ndani ya mkoa huu. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia kwenye mteremko. Vipande vilipounganishwa, likapatikana fuvu la zamadamu mwenye magego mapana ajabu, aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Leakey na mumewe Louis walimwita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Mkazi azingatie jina hilo. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliita pwani ya Afrika Mashariki, na ndilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Mgeni anayesubiri kuteremka baharini anapolitazama fuvu la bara, analitazama likiwa limebeba jina la kule anakokwenda. Jambo dogo kama hili, likisemwa na dereva katika dakika tatu za njiani, linamfanya mgeni atake kushuka garini.

Karibu na habari ya fuvu kuna ile ya nyayo za Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978, timu ya Mary Leakey ilifichua nyayo za zamadamu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Majivu hayo yaliganda, yakafunikwa na majivu mengine, na hatua zao zikabaki. Nyayo zenyewe zimefukiwa tena ili mvua, mizizi na kwato zisiziharibu, kwa hiyo hata anayefunga safari hadi Ngorongoro hazioni wazi. Njia aliyo nayo mtu wa kawaida ya kuzikaribia ni nakala.

Hapa huzuka swali la haki kabisa: kwa nini mtu alipe kiingilio kutazama plasta? Fuvu la Zinj lililopo makumbusho mengi, la Arusha likiwemo, ni nakala. Jibu la kwanza ni kwamba mfupa halisi ni dhaifu, na nakala humruhusu mtoto wa shule kusogeza uso karibu na kuhesabu meno. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo linahusu meli.

Mifupa ya nchi hii ilisafiri kabla ya watalii. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alichimbua Olduvai kiunzi cha mtu wa kale akakipeleka Ujerumani. Katika miaka hiyohiyo, tangu 1909 hadi 1913, huko Tendaguru mkoani Lindi, mamia ya vibarua walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Kiunzi kimoja kati ya hivyo, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin, na huenda mgeni Mjerumani aliyekaa kiti cha nyuma alipelekwa kukitazama akiwa mtoto, asijue Lindi iko upande gani wa dunia.

Kuna safari nyingine ya mafuvu, na hiyo si ya viumbe wa kale. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake 18, miongoni mwao wakiwemo viongozi wa Wameru na Waarusha. Inaaminika kuwa kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Mafuvu ya Waafrika Mashariki zaidi ya elfu moja yamekutwa katika hifadhi za Berlin, na Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi yake na familia zilizo hai nchini Tanzania. Mwaka ambao watu wale walinyongwa ndio mwaka ambao Boma lilikamilika. Mkazi anayeyajua haya mawili kwa pamoja hasimami mbele ya mgeni kama mtu wa kuonyesha njia tu.

Fuvu la Zinj, kwa bahati, lilirudi. Baada ya kugunduliwa lilikaa Nairobi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1965 likakabidhiwa kwa Tanzania na kupelekwa Dar es Salaam. Linatunzwa huko hadi sasa na Makumbusho ya Taifa, yaliyo Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo mfupi kutoka bandarini. Mgeni aliyeanza na nakala Arusha na kumalizia Dar es Salaam kabla ya kupanda chombo atakuwa ameifuata njia ya fuvu lenyewe, kutoka bara hadi bahari, zaidi ya kilomita 600.

Yapo ya kuzingatia kwa vitendo. Boma linahitaji saa moja na nusu kwa mtu asiye na pupa. Kutoka hapo hadi Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro ni takriban kilomita 50, na foleni ya jioni haimjali mwenye tiketi. Dereva mwaminifu humweleza mgeni hivyo mapema, hata kama maelezo hayo yatamnyima safari moja ya ziada. Viingilio hubadilika, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo viulizwe mlangoni badala ya kutajwa kwa kukisia. Kuongoza watalii ni kazi yenye leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kumfikisha mgeni mlangoni na kumwachia mwenyeji wa makumbusho hakuhitaji leseni hiyo, wala hakumpunguzii dereva heshima. Mwenye muda wa ziada anaweza kuelekezwa Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967.

Na kwa mgeni mwenye saa moja tu, Tengeru inatosha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa na meli hadi pwani ya Afrika Mashariki wakapewa makazi hapo. Vita vilipokwisha, wengi waliondoka tena kwa meli. Waliobaki wamelala katika makaburi zaidi ya mia moja yanayotunzwa mpaka leo. Si akiolojia, lakini wajukuu zao huja kutoka mbali kuyatafuta, na mara kwa mara huuliza njia kwa mama muuza ndizi.

La mwisho linawahusu wakazi wenyewe zaidi ya mgeni. Wilaya hii inachimbwa kila siku: misingi ya nyumba, mifereji, visima, mashimo ya kokoto. Jembe likigonga vigae vya vyungu vya kale, mfupa uliogeuka jiwe au jiwe lililochongwa na mkono wa mtu, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumuuzia mtalii, na mnunuzi hakosekani kwa aliye na begi lenye nafasi na meli inayomsubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba, kuuza na kusafirisha nje vitu hivyo bila kibali, na adhabu humkuta muuzaji kijijini wakati mnunuzi yuko baharini. Zaidi ya hapo, jiwe lililotolewa mahali pake halimsemeshi tena mtaalamu, kwa sababu udongo lililolalia ndio uliokuwa ukieleza umri wake.

Njia ya pili ni kukiacha kitu pale kilipo, kupawekea alama, kusimamisha jembe kwa siku hiyo, na kumwarifu mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Yeye atamjulisha mtendaji wa kata, na taarifa itafika kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Mwenye simu apige picha kabla hajagusa chochote, na kando ya kitu hicho aweke kiberiti au sarafu, ili ukubwa wake uonekane.