PROGRAMU YA SIMU BAINA YA MSANII CHIPUKIZI NA MNUNUZI

(Matini ya mazungumzo na wasanii chipukizi na watumishi wa Serikali, Mlandege, Iringa. Yanatolewa hapa kwa faida ya watumishi na wananchi wote.)

Sisi tutokao Visiwani tukilisikia jina la Mlandege hujihisi tuko nyumbani, kwani Unguja nako kuna Mlandege, na watu wake, kama nyinyi, wanajua kuuza na kununua. Nimeombwa nizungumzie namna ya kubuni programu ya simu itakayowakutanisha wasanii chipukizi na wakusanyaji wa kazi za sanaa.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima, lakini katika sanaa ina upungufu wake. Kikapu cha milulu kilichosukwa na mama wa Kihehe ni chema bila ya shaka. Hata hivyo, kikikaa ndani hakijiuzi. Sharti kionekane, na anayekiona sharti amjue aliyekisuka. Hapo ndipo palipo na kazi ya programu tunayoizungumzia.

Ndugu Wasanii,

Historia yetu inayo mafunzo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli. Wanunuzi wake wa mwanzo wengi walikuwa wageni waliokaa Oysterbay, waliopita mahali alipotandaza picha zake. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, na mwaka 1990 wafuasi wake wakaunda chama cha ushirika. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wengi wamelipatia riziki. Lakini leo mkusanyaji akiiona picha ya zamani, swali lake la kwanza ni: hasa nani aliyeichora? Mara nyingi jawabu haliko, kwa kuwa hapakuwekwa kumbukumbu.

Marehemu George Lilanga naye alianza Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akiwa mlinzi. Walioiendesha nyumba ile wakaiona kazi ya mikono yake, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Hapa hapa Iringa, kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, nyengine kwa kinyesi cha tembo. Wote hawa walipata mtu au taasisi iliyosimama kati yao na mnunuzi kwa uaminifu. Kwa hivyo, swali lililo mbele yetu ni hili: je, simu inaweza kusimama mahali hapo bila ya kugeuka dalali mwengine?

Kwa maoni yangu inaweza, iwapo wabunifu watazingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, daftari la kazi. Kila kazi ipewe nambari isiyorudiwa, pamoja na jina la msanii, mahali alipo, mwaka, vifaa alivyotumia, vipimo vyake na picha iliyopigwa mchana. Kazi ikiuzwa mara ya pili au ya tatu, nambari iende nayo. Daftari hili ndilo alilolikosa Tingatinga.

Pili, bei. Bei aipange msanii mwenyewe, na ada ya programu ionekane na pande zote mbili. Tuchukue mfano: picha imeuzwa shilingi 200,000 na ada ni asilimia 10. Msanii na mnunuzi wote waone kuwa 20,000 ni ya programu na 180,000 ni ya msanii. Gharama ya kusafirisha iandikwe mbali. Msanii asiyejua kazi yake imeuzwa kwa bei gani atabaki maskini hata jina lake likisikika dunia nzima.

Tatu, malipo. Huduma ya fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na kutoka mwaka 2014 fedha zikaanza kuvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine. Njia ipo. Kinachotakiwa ni amana: mnunuzi alipe kwanza, fedha zishikwe, kisha msanii alipwe mzigo ukishafika au muda uliokubaliwa ukishapita. Dini zetu zimetuhimiza kuandikiana tunapofanya biashara ya muda, na programu isipuuze wasia huo.

Nne, simu yenyewe. Msiwabunie wenye simu za gharama peke yao. Yuko mama msusi mwenye simu ndogo ya vibonyezo. Huyo apate taarifa kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili. Kijana wa mtaani anaweza kumpigia picha na kumwandikia maelezo, na alipwe kwa kazi hiyo. Lakini nambari ya kupokelea fedha iwe ya mama mwenyewe. Jambo hili nalitilia mkazo khasa, kwani mwenye kushika nambari ndiye mwenye kushika kazi.

Tano, haki. Aliyenunua picha amenunua picha. Hakununua ruhusa ya kuichapisha juu ya fulana na kanga. Maneno hayo yaandikwe katika kila stakabadhi. Kadhalika, majina na nambari za watu zilindwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ndugu Watumishi wa Serikali,

Programu haiwezi kuyafanya yote. Mkusanyaji hununua kwa kuamini, na imani haiji kwa kubonyeza kioo. Mwenye fedha nyingi atataka kuiona kazi kwa macho yake, kuigusa, na kuzungumza na aliyeitengeneza. Kwa hivyo programu iambatane na maonyesho madogo katika skuli, kumbi na masoko yetu.

Aidha, msanii akifika ofisini kuuliza, asizungushwe. Aelekezwe Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kwa upande wa Zanzibar, aelekezwe Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASFU) na Ofisi ya Hakimiliki (COSOZA). Mtumishi anayesema "njoo kesho" kwa mtu aliyepanda gari kutoka kijijini amemtia gharama ya nauli mbili, na huenda asimwone tena.

Nanyi wasanii, msiingoje programu. Kuanzia leo tieni saini na mwaka nyuma ya kila kazi, ipigeni picha kabla haijaondoka, na andikeni daftarini imeuzwa kwa nani na kwa bei gani. Programu itakapokuja itakuta kumbukumbu tayari; na hata isipokuja, watoto wenu watakuwa na cha kuonyesha wakiulizwa nani aliyeifanya kazi hii.