Judo, lutte na usafi wa ngozi: tusifunge uwanja, tuchunge watoto

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi, Kampene



Wazazi wamoja wametuomba tufunge tatami ya vijana, juu watoto wanarudi nyumbani na choa na upele. Na kwenye mitaa kuna wanaosema ni watoto wa waliorudi ndio walileta magonjwa kutoka kambini. Sisi wa kamati tunajibu maneno yote mawili leo.

Ugonjwa wa ngozi hauulizi mutu alitoka Nyarugusu, Bukavu ao alizaliwa hapa hapa Kampene. Unatafuta ngozi inayogusana na ngozi, jasho, na kidonda kidogo cha kuingilia. Judo na lutte ni kukamatana shingo, kifua na uso. Mwaka 1989, kule Minnesota, Marekani, kwenye kambi ya mazoezi ya lutte, vijana 60 kati ya 175 walipata malengelenge ya herpes. Wale hawakuwa wakimbizi. Basi tuache kutafuta nani alileta, tutafute namna ya kuzuia.

Kwanza tujue tunachokiona. Choa ni duara inayowasha, pembeni imeinuka. Upele, ule waganga wanaita gale, unawasha sana usiku, zaidi katikati ya vidole. Kuna majipu na vidonda vya usaha. Na kuna mpox. Mwaka 2023 mpox ya namna mpya ilionekana Kamituga, mji wa madini kama wetu, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza kwamba ni hatari kwa dunia yote. Mpox pia inapita kwa kugusana ngozi. Mutoto mwenye homa, tezi zilizovimba na vipele vya maji asikuje kabisa uwanjani. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Haya ndiyo tumepatana na walimu.

Moja. Mbele ya kila mazoezi, ngozi inaangaliwa: uso, shingo, mikono, mugongo, miguu. Wavulana wanaangaliwa na mwalimu, wasichana wanaangaliwa na mama mumoja wa chama, pembeni, kwa heshima. Hakuna kucheka mutu. Mutoto akichekwa leo, kesho ataficha kidonda chini ya nguo, na hapo wote tutaumia.

Mbili. Mwenye ugonjwa hapandi kwenye tatami. Kama haiko mpox, anakuja, anakaa pembeni, anahesabu pointi, anajifunza kazi ya arbitre. Choa ya mwili: dawa siku 3 kwa uchache, kiisha ifunikwe. Choa ya kichwa: siku 14 za dawa ya kumeza. Upele: saa 24 kiisha kutibiwa, na watu wote wa nyumba watibiwe pamoja, nguo na mablanketi yafuliwe, ama utarudi tu. Kidonda cha usaha: siku 3 za dawa, kiwe kimekauka, na kingine kipya kisitoke. Mpox: mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ionekane, mara nyingi juma 2 mpaka 4. Muganga ndiye anasema mutoto arudi, si mwalimu, wala muzazi.

Tatu. Kiisha mazoezi, kuoga na sabuni, bila kuchelewa. Kila mutu na taulo yake. Kucha fupi. Wembe haukopeshwi. Judogi inafuliwa na kuanikwa kwenye jua. Watoto wawili wasivae judogi moja siku moja.

Ine. Tatami yetu ni shitingi juu ya magunia ya unga wa mbao. Viatu havipandi pale, na mwenye kwenda choo avae sapato. Inasafishwa na maji na sabuni kwanza, juu uchafu unamaliza nguvu ya javeli. Halafu javeli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, iachwe dakika 10, ikauke. Javeli ichanganywe mupya kila siku, na isichanganywe na dawa nyingine ya kusafisha.

Na ninyi wazazi, tunawaomba: musipakae choa petroli wala maji ya batri. Inachoma ngozi na kufungua mulango kwa mikrobi. Na yale mafuta ya kujichubua, mengi yana dawa inayotuliza kuwasha siku mbili tatu, lakini chini choa inaendelea kupanuka.

Sasa, kwa nini hatukubali kufunga? Juu tukifunga, vijana hawataacha kupigana lutte. Watapigana kwenye muchanga nyuma ya soko, bila mutu wa kuwaangalia ngozi, ama watashinda kwenye karieri. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, vita ikamutenga na jamaa yake angali mutoto, akajifunza judo, na mwaka 2016 alipigana Rio katika ekipe ya wakimbizi na kushinda pambano lake la kwanza. Hatuahidi kila mutoto Rio. Tunasema tu kwamba mahali pa kukutana, wa hapa na waliorudi, ni kitu cha kuchunga.

Kwa marafiki wanaotusaidia: hitaji letu ni sabuni, javeli, mabeseni, bidoni za maji, na judogi ya pili kwa wale wenye moja tu. Wakati wa mvua, nguo iliyofuliwa jioni haikauki kwa mazoezi ya kesho, na mutoto anaivaa mbichi. Choa inapenda hiyo.

Wazazi, tunawaomba mukubali kuendelea na kanuni hizi ine. Muje mwenyewe siku moja muone ngozi zikiangaliwa.