Vilivyoponyoka Tanuri: Vyombo vya Mezani vya Fedha vya Ufaransa na Wanaovikusanya



Mwanahistoria wa uchumi akitangaza kwamba mhadhara wake wa kwanza wa uprofesa utahusu uma na vijiko, mna haki ya kucheka. Chekeni, kisha mnisikilize. Kwa familia tajiri ya Paris ya karne ya 18, sahani ya fedha ilikuwa chombo cha kulia na akiba kwa wakati mmoja. Hali ikibana, sahani hupelekwa kuyeyushwa ziwe sarafu. Mambo yakinyooka, sarafu hurudi kwa sonara zikawa sahani. Masonara wa pwani yetu, waliokuwa wakiyeyusha riale za Maria Theresa ili kufua vikuku na mitali, wangewaelewa Wafaransa hao bila mkalimani.

Kwa hiyo anayekusanya vyombo hivi asidhani anakusanya vilivyokuwa bora. Anakusanya vilivyoponyoka tanuri, na mara nyingi viliponyoka kwa sababu zisizohusu uzuri hata kidogo.

Desemba 1689, Mfalme Louis wa 14, akiwa vitani na karibu nusu ya Ulaya, aliamuru samani za fedha za jumba la Versailles ziyeyushwe: meza, vinara, hata mapipa ya kupandia michungwa, takriban tani 20. Kiwanda cha sarafu hakikulipia kazi ya mikono, kililipia uzito. Miaka mingi ya ufundi wa Claude Ballin na wenzake ikaisha hivyo. Mwaka 1709 mfalme akarudia, safari hii akitazama meza za wakuu wake. Duki Saint-Simon, mmoja wa wakuu hao, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba alisitasita mpaka akaona amebaki karibu peke yake, akapeleka kiasi, vingine akavifungia. Nampenda mzee huyu kwa ukweli wake. Wakuu wengine wakahamia kwenye sahani za udongo wa kung’arishwa, na wafinyanzi wakapata soko. Louis wa 15 naye aliita fedha ya mezani mwaka 1759. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa.

Matokeo yake ni kinyume na mtu anavyotarajia. Ukitaka kuona kazi kubwa za masonara wa Paris, nenda Lisbon. Baada ya tetemeko la Novemba 1755, Mfalme José wa 1 wa Ureno aliagiza vyombo vipya kwa François-Thomas Germain, aliyefilisika mwaka 1765. Au fuata seti ya Orloff, zaidi ya vipande 3,000, ambavyo Katarina wa 2 wa Urusi aliagiza mwaka 1770 kwa Jacques Roettiers na mwanawe. Vyombo vilivyouzwa nje vilipona kwa sababu havikuwa tena mikononi mwa wafalme wa Ufaransa.

Sasa tugeuze uma. Wafaransa waliulaza mezani meno yakitazama chini, ndiyo maana nembo ya familia huchorwa mgongoni. Karibu na nembo, au kwenye shina, kuna mihuri. Kabla ya Mapinduzi chombo cha Paris kilibeba minne: wa sonara mwenyewe, wenye ua la yungi chini ya taji; wa wakandarasi wa kodi, uliopigwa kazi ikiwa haijakamilika; wa chama cha masonara, wenye herufi ya mwaka; na wa mwisho, wa kuthibitisha kwamba kodi imelipwa. Hakuna hata mmoja uliowekwa kwa ajili yetu. Serikali haikumwamini sonara, sonara hakumwamini mtoza kodi, na kutoaminiana huko ndiko kunakotuwezesha leo kujua uma ulitengenezwa na nani, mwaka gani.

Sheria ya Novemba 1797 iliweka viwango viwili, sehemu 950 na sehemu 800 za fedha halisi katika kila 1,000, na muhuri wa sonara ukawa wa umbo la almasi. Jogoo alitumika tangu 1798, kichwa cha mzee tangu 1819, na tangu Mei 1838 kichwa cha Minerva. Jambo linalonifurahisha zaidi ni fuawe: tangu 1819 uso wake ulichongwa wadudu wadogo, hivyo kila pigo la muhuri huacha upande wa pili alama ya mdudu. Mghushi alilazimika kuigiza pande zote mbili.

Hata hivyo walighushi. Hukata kipande chenye muhuri kutoka chombo kilichovunjika na kukilehemu kwenye kingine. Pulizieni pumzi: mvuke utaonyesha ukingo wa lehemu, na pia mahali nembo ya zamani ilipofutwa. Muhuri wa umbo la mraba, kama wa kampuni ya Christofle, iliyonunua haki za kupaka fedha kwa umeme mwaka 1842, maana yake ni chombo kilichopakwa tu. Si aibu kuwa nacho. Napoleon wa 3 aliagiza vya namna hiyo.

Mimi, kama hiari ingekuwa yangu, ningeuacha mnada wa bakuli la mchuzi la Thomas Germain, baba wa François-Thomas, nikachukua kijiko kisicho na nakshi cha mji wa mkoani, kilicholika upande wa kushoto wa ncha kwa sababu waliokitumia walikula kwa mkono wa kulia. Bakuli linatueleza mfalme alitaka kuonekana vipi. Kijiko kinatueleza kwamba watu walikula.

Na tanuri halijazimwa. Bei ya fedha ilipopanda Januari 1980 hadi karibu dola 50 kwa aunsi, vyombo vingi viliyeyushwa, na wafanyabiashara bado hupima kwanza ndipo watazame. Vinavyotangulia kuyeyushwa ni vile vyenye kichwa cha Minerva vilivyochakaa, visivyo na nembo, vya familia zisizojulikana. Karne moja ijayo, atakayesimama hapa kueleza Wafaransa wa karne ya 19 walikula kwa vyombo gani atakuwa na tatizo lile lile nililo nalo mimi kuhusu karne ya 17.