Kitambi hakiondoki kwa wiki moja



Katika miji yetu bado ipo desturi ya kumpongeza mtu aliyenenepa. Mtumishi akipandishwa cheo na shati likaanza kumbana tumboni, wenzake humwambia amenawiri. Mama akitoka uzazini mashavu yamejaa, husifiwa yeye, na mumewe husifiwa zaidi kwa kumtunza. Hakuna anayeuliza magoti yanasemaje. Habari hujulikana siku moja hospitalini, pale mpimaji wa presha anapokufunga kitambaa mkononi, akasoma, kisha akapima tena bila kusema neno.

Hapo ndipo wengi huamua kupungua, na huamua kwa hasira. Jumatatu hununuliwa raba mpya. Jumanne alfajiri, mtu ambaye kwa miaka minane hajakimbia hata kuwahi daladala, anatoka Kinondoni mbio hadi Coco Beach na kurudi. Mchana anashindia maji. Jumatano ngazi za ofisini anazishuka kinyumenyume kwa maumivu, na Alhamisi yuko kwenye supu na chapati mbili. Raba zinahamia chini ya kitanda.

Si kwamba mtu huyo ni mvivu. Mwili una utaratibu wake. Pumzi na misuli hupata nguvu katika wiki chache, lakini kano zinazoshika misuli kwenye mifupa huchelewa. Aliyenenepa ana mzigo juu ya hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye maradhi ya magoti, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Sasa fikiria aliyeongeza kilo kumi na tano anapoanza kuruka na kutua juu ya lami.

Kwa hiyo anza kwa kutembea. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, utembee dakika kumi kwa mwendo wa mtu mwenye miadi, yaani uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Wiki inayofuata fanya dakika kumi na tano. Ukifika nusu saa kwa siku tano za wiki, umetimiza dakika 150, ambacho ndicho kiwango cha chini wanachoshauri Shirika la Afya Duniani. Hapo ndipo unaweza kujaribu mbio: kimbia nguzo moja ya umeme, tembea mbili. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Lilikuwa jambo jema, na vikundi vya mbio vilipata nguvu. Lakini mwili hauhesabu Jumamosi moja ukasahau siku nyingine zote.

Kuhusu chakula, sitamwambia mtu aache ugali. Apunguze mlima wake, mboga za majani ziongezeke. Soda ya mililita 300 inabeba sukari ya karibu vijiko vinane vya chai. Anayekunywa mbili kwa siku aanzie hapo kabla ya kuigusa sahani. Chipsi mayai za saa nne usiku nazo zinajulikana kazi yake.

Utapungua nusu kilo kwa wiki, pengine chini ya hapo. Ni kidogo? Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia saba tu ya uzito, pamoja na zile dakika 150 za wiki, hatari ya kuupata ugonjwa huo ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 95, asilimia saba haifiki kilo saba.

Lakini kigumu kuliko njaa na magoti ni midomo ya watu. Suruali ikianza kulegea, mtaa unaanza: "Mbona umekwisha? Unaumwa?" Tunajua swali hilo lina nini ndani yake, miaka ya tisini kukonda kulikuwa hukumu, na hofu ile haijatoka vichwani. Nimeona watu wazima wakirudi kula ovyo ili tu majirani wanyamaze. Ni kweli, anayepungua bila kukusudia aende akapimwe. Wewe unayepungua kwa mpango wako huna deni la kumwonyesha mtu cheti. Anayeuliza mjibu kwamba unatembea, na kama ana nafasi, kesho saa kumi na mbili asubuhi akungoje kituoni.